Mto Chini ya Darasa la Tano

Ukipita njia ya Ipyana ukaona kwenye ukuta wa shule moyo mwekundu, mishipa imejikunja kama mizizi, ukahisi kabisa unadunda, usihangaike kuuliza nani kauchora. Ni mimi. Ukienda upande wa Ngonga ukakuta mapafu yanayokufanya na wewe uvute pumzi, ni yangu. Ukishuka hadi ufukweni Lyulilo, kuna samaki mbasa nilimpasua ubavu kwa rangi, matamvua yote nje, na kina mama wanaouza vyungu pale walisema nzi wanatua juu yake. Sifa hiyo niliipokea, maana ni kweli, nzi walikuwa wanatua.

Jina langu Ambakisye. Wengi mnaniita Fundi Amba. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipofariki na shamba la mpunga likahitaji mikono, lakini watoto niliowafundisha sayansi kwa ukuta, sidhani kama kuna mwalimu huku kwetu anayenifikia. Nyumba hii ya bati mnayokuja kunitembelea niliijenga kwa brashi, tofali kwa tofali. Sasa bega limegoma, nimeshuka kwenye ngazi, na nyinyi vijana mnaochapa mabango kwa mashine kule mjini mnakuja kukaa kwenye baraza langu na kusema, "Tata, tupe siri." Nikianza kuwapa, mnatazama simu.

Basi nimeandika. Mtaisoma humo humo kwenye simu, tuone mtakimbilia wapi.

Siri ya kwanza ni kugonga. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Hamisi, mtu wa Kyela mjini, babu zake walitoka pwani. Alikuwa mwembamba, mkali, na kanzu yake ya Ijumaa haikuwahi kuwa na doa ingawa wiki nzima alishinda kwenye rangi. Majina ya maduka ya sokoni aliyaandika yeye. Nilipokwenda kwake nikamwambia najua kuchora, hakunipa brashi. Alisema, "Gonga ukuta ule." Nikagonga. "Unasemaje?" Nikamwambia hausemi kitu. Akanirudisha nyumbani. Kesho yake nikaja tena, akanirudisha tena. Ikaenda hivyo mpaka nikaanza kusikia.

Gonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, kisha weka sikio. Plasta iliyoshika tofali inajibu kwa sauti fupi na kavu, kama mtu mwenye adabu aliyeitwa akaitika. Hapo paka. Plasta iliyoachana na tofali inajibu kwa sauti pana, kama ngoma iliyolegea. Hapo kwangua kwanza, maana hata rangi ya bei mbaya haitafika masika ya pili. Ukuta uliolowa haujibu, unameza. Hapo mwambie mwenye nyumba asubiri kiangazi, na kama hana subira waachie kazi mafundi wa bei rahisi. "Ukuta una majibu matatu," alikuwa akisema Fundi Hamisi. "Ukisikia la nne, hilo ni sikio lako." Nilimwamini miaka mingi. Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwahi kugonga ukuta nilioukuta mimi.

Siri ya pili: usichore kitu ambacho hujakipasua. Shule ya kwanza kunipa kazi waliniomba moyo. Nikawachorea moyo mzuri, ule wa kwenye kanga, ncha chini, mabega mawili juu, nikautia na mshale. Mwalimu wa sayansi alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma.

"Fundi," akasema, "huu ni wa kupenda. Mimi nilitaka wa kusukuma damu."

Walimu walicheka mpaka mpiga kengele akasahau kengele. Sikukasirika, mtu mwenye kipaji hakasiriki. Nilikwenda buchani, nikanunua moyo wa ng'ombe, nikaupasua juu ya jani la mgomba, nikauchora pande zote mpaka nikajua kila mlango wake, ndipo mke wangu akaupika. Utumbo nilijifunza kwa mbuzi. Shina la mgomba nililikata mwenyewe, nikaona vile vyumba vidogo vidogo vya maji. Tangu hapo hakuna aliyenicheka.

Na picha ndogo ya kitabuni unaipelekaje kwenye ukuta mkubwa? Nyinyi mnabonyeza kitufe. Sisi tunaigawa miraba kwa penseli, ukuta nao tunaugawa miraba ileile kwa kamba iliyopakwa chokaa, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Ukiwa kwenye mraba wako usiwaze mraba wa jirani. Unachora mstari unaoingia huku na kutokea kule, hujui ni wa nini. Ukishuka ukarudi nyuma hatua kadhaa, unakuta ni mkono wa mtu. Kumbukeni hiyo miraba. Nitairudia.

Kwa elimu hiyo nilijiona nimemaliza. Ndipo nikakutana na Mwalimu Atupele.

Shule sitaitaja. Iko kati ya Ipyana na Ngonga, mbele ina barabara, nyuma ina mpunga, na mto uko mbali, mbali kiasi kwamba mtoto akitumwa maji anarudi kipindi kimekwisha. Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Mwalimu mkuu, mtu wa haraka haraka, alinipeleka mpaka kwenye ukuta wa nje wa darasa la tano akaupiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Fundi Amba, wageni wa wilaya wanakuja kuikagua shule. Hapa nataka mzunguko wa maji. Ziwa, jua, mvuke, mawingu, mvua, milima, mto, halafu ziwa tena. Wakiupenda, shule zote za kata hii ni zako."

Shule zote za kata. Nyinyi hamjui maneno hayo yanavyomwingia mtu aliyeanza kazi kwa kuandika "Usikojoe hapa". Niligonga ukuta, ukanijibu kwa ufupi na ukavu, nikakubali.

Siku ya kwanza, nikiwa napiga kamba, alikuja mwanamke mfupi amebeba kopo la chaki. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Fundi," kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niteremke kipandio kimoja kuisikia. Ndiye aliyefundisha sayansi darasa la tano.

"Ukuta wote utaujaza?"

"Wote, Mwalimu. Mimi siachi pengo."

"Niachie kipande cha chini. Watoto wachore wenyewe."

"Watachafua."

"Wachafue. Mtoto akiitazama picha yako, Fundi, anasema nimeelewa, kwa sababu ni nzuri. Nikimwambia ageuke aichore bila kuitazama, mkono unakwenda, unakwenda, unasimama. Pale uliposimama ndipo somo lilipo."

"Na akichora uongo?"

"Ninauona. Uongo wa mdomoni siuoni, anaitika tu 'ndiyo, Madam'."

Nilimwachia kipande, nikakipaka rangi nyeusi ya ubao, kwa heshima ya kazi yake tu, maana sikuwa nimekubali. Picha za watoto mimi ziliniumiza macho. Kuku wana miguu minne.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa juu nachora mawingu. Mwalimu Atupele akatoa darasa zima nje, akawatawanya uwanjani, kila mtoto na kijiti chake na kipande chake cha ardhi, migongo wamepeana ili mtu asichungulie. Wanatazama pande zote, huyu barabarani, yule mpunga, yule chooni. Akawaambia, "Leo simwulizi mtu kitu cha kitabuni. Mvua imenyesha, imeisha. Uwanja umekauka. Nichoreeni maji yako wapi sasa hivi, wakati hamyaoni."

Wakachuchumaa. Watoto wa kule ni wa kelele, mnajua, lakini kelele haikutokea. Nilisikia vijiti tu vikikwaruza udongo. Hata vyura wa kwenye mpunga, ambao hawanyamazi mchana wala usiku, walinyamaza. Nikageuka juu ya ngazi kuona kuna nini.

Kwa aliyesimama chini, ilikuwa michoro ya watoto. Kila mmoja kachora mstari mnene kwenye kipande chake, mwingine kaupinda, mwingine kaunyoosha, basi. Lakini mimi nilikuwa juu. Mstari wa mtoto wa kwanza, kule karibu na mpunga, ulipoishia ndipo ulipoanza wa jirani yake, ambaye alikuwa amempa mgongo. Wa huyo ulipoishia, wa tatu ukapokea. Ulipita hivyo uwanja mzima, mraba kwa mraba, ukapinda palipokuwa na nguzo ya bendera, ukapinda tena, ukaja moja kwa moja kwenye ukuta wangu. Mto. Upana mmoja, ukingo mmoja, kama vile aliyeuchora ni mtu mmoja mwenye mkono mrefu.

Nilimwita, "Mwalimu, panda huku uone."

Alifunga kitenge vizuri, akapanda upande wa pili wa ngazi. Akatazama kwa muda. Kisha akashuka, akamwendea mvulana mmoja, Gwamaka, mtundu wa darasa.

"Nani kakuambia maji yanapita hapa?"

"Hakuna, Madam."

"Umejuaje?"

"Nilivyochuchumaa kijiti kikaenda."

"Acha utani, Gwamaka."

"Madam, si utani. Kimeenda chenyewe mpaka pale, kikagoma. Nikaona basi."

Aliyekuwa karibu kabisa na ngazi yangu ni msichana mmoja mdogo, Lusekelo, miguu mitupu kama wenzake. Mwalimu akamuuliza na yeye. "Pana baridi, Madam," akasema. "Ukikanyaga unajua." Mwalimu akavua kiatu, akaweka unyayo pale, akauacha kidogo. Uso wake haukubadilika ila alichelewa kuvaa kiatu.

Mimi niliteremka nikatazame mchoro wa Lusekelo, kwa sababu yeye hakuishia kwenye mstari. Ndani ya maji alichora mtu. Mtu mwenyewe yuko kichwa chini, miguu juu, ana brashi mkono mmoja na ngazi mkono wa pili.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Fundi."

"Mbona umenigeuza? Mimi popo?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Ndivyo ulivyo kwenye maji."

"Maji gani?"

Alinionyesha ardhi kavu kwa kijiti.

"Na ngazi yangu umeila kipandio cha katikati. Tazama ngazi, kipo."

Aliitazama ngazi, akautazama mchoro wake, akanijibu kwa upole kama mtu anayemsahihisha mdogo wake, "Hakipo, Fundi."

Ile ngazi niliikata mwenyewe kutoka kwenye mianzi iliyokomaa, nikaikausha juu ya moshi, hakuna aliyewahi kuwa na ngazi kama ile. Nilicheka kuliko wote. Mwalimu mkuu akatoka ofisini, akaona uwanja ulivyokwaruzwa, akaagiza mafagio. "Futeni hayo, wageni wanakuja." Watoto wakafagia mto wote. Vyura wakaanza tena.

Hapa mtasema Fundi Amba sasa anatutisha. Ngojeni. Kesho yake nilikuta doa kwenye ziwa langu. Unyevu ulikuwa umepanda kutoka chini ya ukuta, ukapita kwenye kipande cheusi, ukaingia kwenye bluu yangu, mwembamba, umepinda. Unyevu wa kawaida hupanda kama maji kwenye nguo iliyochovywa, yaani wote kwa pamoja. Huu ulipanda kama unaandika. Nikaukausha kwa jiko la mkaa, nikapiga msasa, nikapaka upya. Asubuhi umerudi, mahali palepale, na safari hii nilizitambua kona. Palikuwa na kona ya nguzo ya bendera, na kona ya pili. Niliziona kutoka juu ya ngazi, nisingeweza kuzisahau.

Nikagonga ukuta. Ukajibu kwa ufupi na ukavu, kama siku ya kwanza. Halafu, nilipokuwa nimeshaondoa mkono, ukajibu tena. La pili lilitoka chini, taratibu, zito, kama mtu aliyelala aliyesikia mlango akajigeuza upande. Niliweka sikio. Nikamkumbuka Fundi Hamisi na majibu yake matatu, nikajiambia hili ni sikio langu. Nikapaka rangi. Wageni walikuwa wanakuja kesho, na kilichobaki ni miale ya jua tu, kule juu.

Mwalimu Atupele alinikuta nachanganya njano. Nyuma ya ukuta darasa lake zima lilikuwa ndani, wanasoma kwa sauti, madawati ya kwanza yameegemea ukuta huohuo. Akanipa chaki.

"Fundi, moyo uliupasua ndipo ukauchora, si ndiyo?"

"Nani kakuambia?"

"Umetuambia wewe, kila siku wakati wa chai. Sasa nichoree ukuta huu, hapa kwenye ubao wa watoto. Upasue kama ule moyo."

Chaki sikuwahi kushika kwa kazi tangu darasa la nne. Lakini kuchora sikatai. Nikaanza juu. Bati, mbao, tofali, plasta pande zote mbili, kila kitu mahali pake, hata misumari. Nikashuka kwenye msingi. Nikachora mawe. Chini ya mawe nikataka kuchora udongo, na mkono ukasimama.

Vijana, nimechora utumbo wa mbuzi bila kutazama. Nimechora uti wa mgongo wa mtu kwa mazungumzo tu. Mkono wangu haujawahi kusimama. Pale ulisimama kama punda. Nilikuwa nimepaka rangi ukuta ule siku zote zile na sikujua umekaa juu ya nini. Nikajaribu kuusukuma uchore hivyo hivyo, mistari ya udongo, nani atajua. Ukachora mstari mnene, uliopinda. Nikaidondosha chaki.

Mwalimu hakunicheka. "Hapo," akasema polepole. "Lete jembe."

Nilipiga jembe karibu na mguu wa ngazi. La kwanza liliingia vizuri. La pili liliingia na kuendelea kuingia, mpini ukanivuta mikono mpaka nikapiga goti. Nilipolichomoa, pakatoka pumzi ya baridi, ina harufu ya ziwa la alfajiri kule Matema, na sisi tuko mbali na ziwa. Nikainama. Chini kulikuwa na maji. Maji meupe, safi, na hayakutulia. Pumba moja ya mpunga ilipita kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, haina haraka, kama kitu kinachojua kinakokwenda. Ilipita ikaingia chini ya darasa.

Mwalimu Atupele hakungoja. Aliingia darasani, na sauti yake ndogo ileile nikaisikia ikisema, "Kila mtu na kijiti chake, tunatoka. Acheni mikoba." Wakatoka mstari mmoja hadi ng'ambo ya barabara, wakakaa kwenye nyasi. Alihesabu vichwa, akahesabu tena.

Mwalimu mkuu akaja na ufunguo mkononi.

"Kuna nini? Nani kaamuru watoto watoke?"

"Mimi," akasema Mwalimu Atupele. "Siwarudishi ndani."

"Kwa sababu ya vile vijiti vya watoto?"

"Kwa sababu ya jembe la Fundi. Vijiti vilitangulia kusema tu."

Akachungulia shimo, akachungulia mara moja tu. "Kila ukichimba Kyela unakuta maji. Fukia hiyo. Na wewe Fundi, malizia jua lako. Wageni ni kesho. Shule zote za kata, Fundi Amba, usije ukasema sikukuambia." Akaondoka kwenda ofisini kutafuta mtu wa kufukia.

Nilibaki mimi na ukuta. Sijawahi kuacha kazi bila kuimaliza, muulizeni yeyote. Miale ile ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, njano ilikuwa tayari kwenye kopo, na kesho ningekuwa mchoraji wa kata nzima. Kule ng'ambo watoto walikuwa wamenyamaza wananitazama. Vyura walikuwa wamenyamaza pia, na hilo ndilo nililoligundua nikiwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi.

Nikapanda. Kipandio cha kwanza, cha pili. Nilipoweka uzito kwenye cha katikati, kikavunjika. Hakikulia kwanza kama mwanzi unavyolia. Kilikatika kimya, kama vile kilikuwa kimeshakatika zamani kikawa kinanisubiri mimi nijue. Nilishika nguzo za ngazi nikabaki nimening'inia, nikatazama chini, nikaona pale alipochora Lusekelo. Palikuwa pamefagiliwa, lakini udongo ulikuwa umelowa, na umelowa kwa umbo la mtu.

Nilishuka. Nikachukua ngazi yangu, sikuiacha, na brashi yangu, nikatembea bila kukimbia mpaka ng'ambo ya barabara.

Ukuta haukuanguka. Watu husema ulianguka, hawakuwepo. Uliketi. Ulishuka chini polepole, umesimama wima, kama mama mzee anayekaa kwenye kigoda akishikilia magoti, na bati likalala nyuma yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko mnavyodhani. Kisha maji yakapanda. Hayakuwa na tope. Yalipanda safi, yakaizunguka picha yangu, yakafunika ziwa nililochora, yakafunika mto, yakafunika milima nusu. Yalipofika kwenye mawingu yakasimama. Mkipenda ukweli, haujawahi kuchorwa mzunguko wa maji sahihi kama ule, maji chini, mawingu juu, na jua lisilo na miale. Halafu yakaanza kutembea. Yalivuka uwanja, yakapinda palipo na nguzo ya bendera, yakapinda tena, yakaenda zake mpungani, kwenye njia ileile iliyofagiliwa kwa mafagio.

Nilisogea mpaka ukingoni. Nikajiona. Kichwa chini, miguu juu, brashi mkono mmoja, mkono wa pili ngazi isiyo na kipandio cha katikati. Lusekelo alikuwa amenifuata, amesimama kando yangu. Hakusema nilikuambia. Alitazama majini, akanitazama mimi, akalinganisha kama Mwalimu wake alivyomfundisha kulinganisha picha na kitu.

"Brashi nilikosea," akasema. "Nilikuwekea mkono wa kushoto."

Wageni walikuja kesho yake wakakuta mto. Wataalamu waliokuja baadaye walisema ni mkondo wa zamani, mto ulipita hapo kabla babu zetu hawajazaliwa, ukahama, ukafunikwa na mchanga, ukarudi chini kwa chini. Inawezekana. Mwalimu Atupele alisema watoto wanatembea miguu mitupu, wanajua mambo ambayo hawajui kwamba wanayajua, na kijiti kinayatoa. Hilo nalikubali zaidi. Lakini nilimuuliza, na nyayo zilijuaje kipandio changu? Akairudisha chaki yake kwenye kopo. Mwalimu mzuri mkono wake ukisimama hausukumi.

Shule za kata nilizipata. Zote, na za kata nyingine. Ila tangu siku ile sikupaka ukuta kabla mwalimu hajawatawanya watoto uwanjani na vijiti, na mimi nikapanda juu nikatazama. Mara nyingi huwa ni michoro ya watoto tu, kuku wa miguu minne. Mara mbili niliteremka nikakunja kamba zangu nikaondoka, sikueleza. Ukuta wangu hakuna ulioketi tena. Walimu mnaosoma hii, msidhani nawaambia mambo ya kutisha. Nawaambia, mpe mtoto achore kabla hujamweleza, kisha panda mahali pa juu utazame.

Na wewe kijana uliyekuja wiki iliyopita na wenzako, yule mwenye fulana ya kijani, haya ya mwisho ni yako. Ulikaa kwenye ukingo wa baraza langu unaongea na simu, na huku umeshika kijiti unakwaruza ardhi, hata hukutazama unachokwaruza. Mlipoondoka nilisimama kwenye kiti, na bega langu hili bovu. Mstari wako unatoka kwenye migomba, unapinda kwenye tangi la maji, unakuja mpaka kwenye ngazi za mlango wangu, na hapo rafiki zako wakakuita.

Sijafagia. Nimeufunika kwa mabati mvua isiufute. Njoo, kaa palepale, na simu yako uje nayo, usitazame chini. Nataka kujua mstari wako unapinda wapi.